Kwenda Pemba Kuonana na Jamaa Usiowajua: Sikukuu, Harusi au Siku za Kawaida?

Wako watu wengi wenye asili ya Pemba ambao hawajatia mguu Pemba. Wengine wamezaliwa Unguja, Tanga au Dar es Salaam. Wengine wamezaliwa Maskati, Dubai au Uingereza baada ya wazee wao kuondoka kufuatia Mapinduzi ya Januari 1964. Na wengine ni watoto na wajukuu wa wavuvi waliohamia pwani ya Kenya, ambako Wapemba walitambuliwa rasmi kuwa moja ya jamii za nchi hiyo mwaka 2023. Mkononi huwa na vitu vichache: jina la kijiji, jina la babu, pengine na namba ya simu ya binamu mmoja aliyewahi kupita Mombasa. Wakishaamua kwenda, hukwama kwenye wakati. Waende sikukuu, ambapo kila mtu yupo? Wangoje harusi, ambapo watakuwa na sababu ya kufika? Au waende siku yoyote tu, wabishe hodi?

Mimi nimezaliwa Unguja na mama yangu ni mtu wa upande wa Konde, kaskazini mwa Pemba. Safari zote tatu nimezifanya, kwa mpangilio huo huo, na kila moja ilinikutanisha na jamaa wa aina yake.

Nitapima kwa mambo matano: watu utakaowakuta, nafasi ya kuzungumza nao, safari yenyewe na gharama zake, uzito unaomtwika mwenyeji, na aibu ya ugeni, yaani yale unayotarajiwa kuyajua hali hujawahi kufundishwa. Msiba sikuuingiza kwa sababu hauchaguliwi. Hitma ya ukoo hupangwa, na aliyealikwa hitma anaweza kusoma karibu yote nitakayoyasema juu ya harusi akayachukua kama yake, ila kwenye hitma wazee huwa wametulia zaidi na marehemu hutajwa kwa majina katika dua, jambo lenye faida kubwa kwa anayetafuta nasaba yake.

Watu utakaowakuta

Zanzibar sikukuu huendelea kwa siku nne, nazo ndizo siku ambazo watoto wa Pemba waliotawanyika Unguja na Bara hurudi kwao. Kwa wingi wa sura, hakuna wakati unaoipita sikukuu ya Mfunguo Mosi, yaani Idi ya baada ya Ramadhani. Hila yake ni kutotembea. Siku ya kwanza, baada ya sala, vijana ndio wanaozunguka kuwaamkia wazee, basi mgeni akitulia kwenye baraza ya mzee mkubwa wa ukoo, sehemu kubwa ya ukoo itampitia kabla ya adhuhuri, kila mmoja na watoto wake wanaosubiri pesa ya sikukuu kabla ya kukimbilia viwanjani. Mimi sikulijua hilo. Nilikubali kuzungushwa kwa pikipiki kutoka nyumba hadi nyumba, na kila tulikofika wenyewe walikuwa wamekwenda tulikotoka.

Liko pia jambo la mwezi. Wapo wanaofunga na kufungua kwa mwezi ulioandama popote duniani, na wapo wanaosubiri uandame hapa kwetu, na watu hao wawili wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja wanaoishi kiambo kimoja. Muulize mwenyeji wako mapema nyumba yake inafuata upi, ama utafika na kanzu mpya siku ambayo watu bado wanafunga.

Harusi huwakusanya watu wengi pia, lakini uwakague vizuri: karibu nusu yao ni wakwe, majirani na marafiki, na upande wa ukoo utakaojitokeza kwa wingi ni ule wa mlango unaooza au kuoa. Tena wanaume na wanawake hukaa mbalimbali. Mwanamume atahudhuria nikaha msikitini na kula pilau pamoja na wanaume wenzake, na huenda akaondoka bila ya kuwaona shangazi zake zaidi ya dakika kumi. Mwanamke, kinyume chake, atakuwa ndani kwa siku mbili au tatu na atawajua wanawake wa ukoo hadi watoto wachanga. Mtu na mkewe wakisafiri pamoja, wakae jioni wapeane habari, kwa sababu kila mmoja atakuwa ameuona ukoo nusu.

Siku za kawaida utawakuta wachache. Vijana wengi wako Unguja au baharini, watoto wako skuli, na nyumba zinabaki na wazee na kina mama. Wachache hao, hata hivyo, ndio wanaojua nani alimzaa nani.

Nafasi ya kuzungumza

Hapa ndipo tofauti zinapokuwa kubwa, na kwa maoni yangu ndipo msafiri anapopaswa kupima kwa muda mrefu zaidi.

Sikukuu ni wakati wa kuamkiana. Mazungumzo yake huanza kwa «huyu nani?», hujibiwa na «mtoto wa fulani, aliyeolewa Unguja», hufuatwa na mashaallah nyingi na kukumbatiwa, kisha mlango hufunguliwa kwa kundi jingine. Unajulikana, na hilo si dogo, lakini ukiulizwa wiki inayofuata ulizungumza nini na mjomba wako mkubwa, hutakuwa na jibu.

Harusi ina mazungumzo yaliyojificha. Wazee wameshughulika na wakwe, na si wakati wa kuwavuta pembeni kuwauliza habari za mwaka 1964. Lakini usiku wa kuamkia siku ya pilau, ambapo nyama inakatwa, vitunguu vinamenywa na masufuria makubwa yanalindwa hadi alfajiri, watu wa rika lako wanakaa saa nyingi pamoja bila ya kitu kingine cha kufanya ila kusimulia. Binamu zangu ninaowapigia simu hadi leo sikuwapata sikukuu. Niliwapata mbele ya moto, macho yakinitoka machozi ya moshi na vitunguu, baada ya kupewa kisu na kuambiwa nisikae kama bwana harusi.

Siku za kawaida ndizo zenye wasaa wa kweli, ila haufunguki siku ya kwanza. Siku ya kwanza ni ya salamu, chakula na kutazamana. Siku ya pili, baada ya sala ya alasiri, mzee akitoka kukaa barazani nawe ukakaa naye bila ya kumhoji, ataanza mwenyewe. Msimu wa karafuu hubadilisha hesabu hiyo, kwa sababu katika miezi ya mavuno, ambayo huweza kuanza karibu na Julai na kuendelea hadi mwanzoni mwa mwaka, nyumba huwa tupu tangu asubuhi. Usidhani kwamba umekosa, ingawa mchana utachoka kusubiri. Usiku watu hukaa kuchambua karafuu, wakizitenga na makonyo yake, na anayejua kutumia vidole atakaribishwa kwenye duara hilo bila ya kuulizwa amekuja kutafuta nini.

Ipo sababu nyingine ya kuuchagua wakati kwa uangalifu, na wageni wengi hawaijui. Baada ya Mapinduzi ardhi ya Zanzibar iliwekwa chini ya Serikali, na familia nyingi ziligawiwa mashamba ya eka tatu tatu. Waliobaki wamelima, wamepanda, wamezika na kurithishana kwa miaka zaidi ya hamsini. Jamaa anayetokea ghafla na kuuliza «shamba la babu liko wapi?» anaweza kuwa anataka kupiga picha tu, lakini wanaomsikiliza wanamsikia mtu aliyekuja kudai fungu lake la mirathi. Mimi niliuliza swali hilo siku ya pili ya sikukuu, mbele ya watu kumi na kitu, na baraza nzima ikanyamaza, kisha mjomba akaniuliza kama mvua inanyesha Unguja.

Kwenye harusi swali hilo ni baya zaidi, maana wakwe wanasikiliza. Siku za kawaida lina njia yake: anza na makaburi, omba upelekwe ukawasomee wazee wako, uliza majina yao, na miti iache mpaka mwenyeji aitaje. Safari ya tatu nilifanya hivyo, na mjomba yule yule alinishika mkono akanipeleka mwenyewe, akanionesha mkarafuu mmoja mkongwe uliokwisha kukauka juu, akasema babu alikuwa akiufungia punda.

Safari na gharama

Kutoka Unguja kuna boti na kuna ndege. Boti hushusha abiria zaidi Mkoani na baadhi ya safari hufika Wete; si kila siku kwa kila bandari, na ratiba hubadilika, basi tiketi ikatwe baada ya kuhakikisha inashuka wapi. Kutoka Mkoani daladala za namba 603 zinakufikisha Chake Chake, na kutoka hapo za 606 zinakwenda Wete. Ndege ni ndogo, huchukua kama nusu saa na hutua kilomita chache kutoka Chake Chake, lakini mzigo wake kwa kawaida haupiti kilo 15, na mtu anayekwenda kuonana na jamaa ambao hawajamwona maisha yao yote hasafiri na kilo 15. Anayetoka Tanga aulizie bandarini safari za moja kwa moja kabla ya kuamua kuzungukia Unguja. Raia wa kigeni wajue kwamba tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa kukata bima ya safari ya dola 44.

Sikukuu, vyombo hujaa. Tangu MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011 ikiwa njiani kwenda Pemba na abiria kupita kiasi, hakuna mtu wa visiwani anayelichukulia jambo la kujaza kama la mzaha, nami ningemshauri msafiri akate tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja, mapema, ili siku ya tano asijikute gatini akisukumana. Idi hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kalenda ya kawaida; mwaka 2026 ile ya Mfunguo Mosi inaangukia karibu na tarehe 20 Machi na ile ya Mfunguo Tatu, yaani ya kuchinja, mwishoni mwa Mei, kwa hiyo zote mbili zinagusana na masika, na njia za udongo za kwenda vijiji vya ndani huwa matope mekundu yasiyosameheka.

Harusi ina gharama zake zisizo za nauli. Kuna mchango, kuna sare kwa wanawake, kuna tunzo, na jamaa aliyetoka ng'ambo hudhaniwa ana uwezo hata kama amekopa tiketi. Uliza mapema wenzako wa rika lako wanachangia nini, utoe hicho hicho au kuzidi kidogo. Kutoa mara kumi kunawaaibisha waliotoa cha kwao. Kumbuka pia kwamba tarehe ya harusi inaweza kusogezwa, na aliyenunua tiketi ya ndege ya kimataifa kwa ajili ya siku moja amejifunga mikono.

Siku za kawaida ni rahisi zaidi kwa nauli na nafasi, na faida yake kubwa ni kwamba unachagua bahari. Asiyezoea mawimbi aepuke miezi ya kusi kali, hasa Juni hadi Agosti, kwa kuwa chombo kikishaipita Nungwi hakina tena kisiwa cha kukikinga.

Uzito kwa mwenyeji

Nyumba ya sikukuu imejaa tayari. Mikeka imetandikwa, chakula kimepikwa kingi, na mgeni mmoja zaidi haonekani. Kwa mtu anayeona haya kuhudumiwa, huo ni wakati mwepesi.

Nyumba ya harusi imechoka. Wenyewe wana madeni ya mchele na nyama, hawajalala, na wanaogopa kuaibika mbele ya wakwe. Mgeni anayetaka kupelekwa kutembea na kutafutiwa maji ya chupa anawaongezea kazi. Mgeni anayebeba ndoo za maji, anayepanga viatu mlangoni na anayeshika watoto anakumbukwa muda mrefu kuliko aliyetoa pesa nyingi.

Siku za kawaida mwenyeji anaubeba mzigo wote wa ugeni kwa ajili yako peke yako, na hili hulisahau wengi wanaosema «nitakwenda kimya kimya, nisimsumbue mtu». Kuku aliyekuwa akitaga atachinjwa, samaki atanunuliwa kwa deni, na mwenye kitanda atalala chini. Basi peleka vya jikoni, yaani mchele, sukari, mafuta na majani ya chai, pamoja na kanga kwa kina mama wakubwa, na pesa ukizitoa zipite kwa mwenye jiko bila ya watu kuona. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku tatu ndiyo kadiri nzuri, na ukitaka kukaa zaidi anza kufanya kazi. Kulala nyumba ya wageni ya Chake Chake au Wete kunampunguzia mwenyeji uzito, lakini lisemwe kabla ya safari na kwa sababu ya kueleweka, ama litachukuliwa kuwa umeidharau nyumba. Ukilala kijijini, mwenyeji wako amfahamishe sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo.

Aibu ya ugeni

Shikamoo haina hasara wakati wowote, na mkono wa mzee hubusiwa. Baada ya hapo mambo yanakuwa magumu. Kijana wa miaka ishirini anaweza kuwa ami yako kwa nasaba, nawe mwenye mvi ukalazimika kumwita hivyo mbele ya watu. Binti wa mjomba wako si maharimu yako, basi usitangulize mkono. Akitoa yeye, upokee. Babu yako unayemjua kwa jina la kwenye hati huenda kijijini anajulikana kwa lakabu tu, na nimewahi kusikia mtu akitaja majina matatu kamili kwa robo saa bila ya kutambuliwa, mpaka alipokumbuka jina la utani ambalo bibi yake alimwitia mumewe.

Sikukuu makosa haya humezwa na kelele. Kwenye harusi huonekana zaidi, kwa sababu watu huitwa na kukaa kwa nafasi zao: mjomba ana haki zake, shangazi ana zake, na anayekaa asipostahili husogezwa, tena kwa upole unaochoma. Siku za kawaida unakosea mbele ya watu wachache walio na muda wa kukusahihisha, na kwa mtu mwenye haya kama mimi hilo lilikuwa na thamani kubwa.

Kwa hali yako

Mwenye watoto wadogo na likizo ya siku nne au tano, anayetaka wanawe wajue kwamba wana watu, atafaidika na sikukuu. Watoto hujuana kwa saa moja kiwanjani, Tibirinzi au penginepo, bila ya kuhitaji nasaba. Sikukuu pia inamfaa anayeogopa kukaa peke yake na wazee asiowajua, na anayetaka kwanza kuonekana, mazungumzo yaje mwaka mwingine.

Mwenye mwaliko wa harusi mkononi asiukatae kwa kungoja wakati mtulivu zaidi, maana aliyealikwa akakosa huhesabiwa, na atakapokuja baadaye atapokewa kwa swali hilo. Harusi inamfaa zaidi mwanamke, na inamfaa mwanamume asiyeona haya kushika kisu na kukesha. Haimfai mwenye jambo zito la kuzungumza.

Ambaye bibi au mjomba wake ana miaka zaidi ya themanini asingoje sikukuu wala harusi. Aende wiki yoyote, akae siku tatu, na akitaka kurekodi sauti kwa simu aombe ruhusa siku ya pili. Hali hiyo hiyo inamhusu mwenye suala la mirathi, la ardhi au la ugomvi wa zamani kati ya wazee, ila yeye asiende peke yake. Atangulize mtu wa makamo anayekubalika pande zote mbili, akaizungumze habari yake kabla hajafika.

Anayetoka mbali na ambaye huenda asirudi tena kwa miaka kumi anaweza kuunganisha: afike siku tatu kabla ya harusi asaidie matayarisho, au aje sikukuu kisha abaki baada ya siku ya nne, wakati boti zimewarudisha wengine na baraza imebaki na wenyewe.

Na yule asiye na namba ya simu hata moja, aliye na jina la kijiji na lakabu ya babu tu, asijaribu siku za sikukuu. Aende siku ya kazi, asubuhi, aulize sheha wa shehia hiyo, ajitambulishe kwa jina la bibi yake pamoja na la babu, kisha akubali kungoja. Atawekewa kiti na kuletewa maji, na mtoto mmoja atatumwa mbio kwenda kumwita mzee fulani shambani.